Kabla ya Alaimenti, Inameni Muangalie Bushi

Shemeji yangu ana Toyota IST, gari dogo, kila siku anashuka nayo Tukuyu kazini na kurudi Uyole. Tangu mvua zianze gari lilikuwa linavuta kushoto kila akikanyaga breki. Wiki iliyopita akaja kwangu na risiti ya alaimenti (kupima na kupanga matairi yakae sawa) mkononi, na matairi mapya ya mbele ambayo upande wa ndani yameshaanza kulika. Gereji moja ya hapa Mbeya mjini ilimpimia, ikamwambia "dada, gari sasa limekaa sawa," ikapokea hela. Hakuna aliyeinama kuangalia chini. Nimekasirika sana, na hasira haijaisha.

Tuliinua gari, nikapitisha mtalimbo kati ya kontroli ami ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika tairi, na chesesi. Wala sikutumia nguvu. Ami hiyo inashikwa kwenye chesesi na bushi, viungo vya chuma vyenye raba katikati. Raba ya bushi ya nyuma ilikuwa imeachana na chuma karibu mzunguko mzima, mpasuko unaingia ncha ya kidole, na ndani yake tope la Isyonje, njia ya Tukuyu, limekauka. Ukisukuma kidogo, ami yote inaenda mbele na kurudi nyuma. Kitu hiki kinaonekana kwa macho. Hakihitaji mashine.

Mashine ya alaimenti inapima gari likiwa limesimama. Hakuna breki, hakuna mzigo wa viazi nyuma, hakuna kona. Hata bushi iliyokufa inaweza kutulia pale, na namba zikatoka nzuri. Gari likiingia barabarani mambo yanabadilika. Ukikanyaga breki, lami inalisukuma tairi nyuma, na bushi ndiyo inayotakiwa kulizuia. Ikiwa imechanika, tairi linarudi nyuma na kugeuka kidogo bila wewe kugusa usukani. Kwa kuwa mara nyingi upande mmoja umechoka kuliko mwingine, gari linavuta. Ukiachia breki, tairi linarudi mahali pake kwa kishindo, ule mlio wa "ko" ambao watu wengi wanausingizia shokapu. Sasa hizo namba zilizoandikwa kwenye risiti zinamsaidia nini dereva aliye kwenye mteremko?

Na huku kwetu ni miteremko mitupu. Anayeendesha kwenye foleni ya tambarare anaweza kukaa na bushi mbovu muda mrefu, akajua tu kwamba gari lina kelele. Sisi tuna Iwambi. Tuna Mlima Nyoka. Tuna Kawetire ukitokea Chunya, na ile barabara ya Tukuyu ambayo ukungu ukishuka unaona taa za lori likiwa limeshafika mbele yako. Breki inashikwa kwa dakika nyingi mfululizo, bushi ya nyuma inabanwa muda wote huo, na malori ya Tunduma yanapanda upande wa pili. Gari likihama nusu mita tu pale, mnajua wenyewe kinachofuata. Ndiyo maana siwezi kulichukulia hili kama suala la tairi kulika. Yule ni mama wa watoto, alilipa hela akaambiwa gari ni zima, akashuka nalo mlima kwa kuamini maneno ya fundi.

Sawa, si kila gari linalovuta lina bushi mbovu. Inaweza kuwa kalipa (kile kibano cha breki) imenata, upepo wa matairi haulingani, tairodi (fimbo inayogeuza tairi) imelegea. Lakini hayo nayo yanaonekana kwa kuinama.

Bushi za kuchongwa kwenye tairi kuukuu zitakufikisha nyumbani, basi. Kumwagia oili chafu bushi inayolia ni kuimaliza, maana mafuta yanavimbisha raba na kuilainisha. Ami ya mtumba nakubali kwa shingo upande, kwa sababu mpya kamili yenye bushi na boli jointi (kiungo cha mpira wa chuma upande wa tairi) si kila mfuko unaiweza. Ila raba inazeeka hata kwenye gari lililoegeshwa, kwa hiyo ikague kabla hujalipa. Na badilisheni pande zote mbili.

Kwa IST ile tulifunga ami mpya kushoto na kulia. Kijana aliyefanya kazi anaijua kazi yake, mikono mepesi, lakini nilimkuta anataka kukaza bolti za bushi kwa nguvu ya mwisho huku tairi likining'inia hewani. Nikamwambia asubiri. "Kaka, ndivyo tunavyofanya siku zote," akanijibu. Najua, na ndiyo sababu bushi mpya zinachanika mapema halafu watu wanalaumu spea. Bushi ya aina hii haizunguki. Raba yake imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na ami ikipanda na kushuka raba ndiyo inayojisokota. Ukiikaza tairi likiwa linaning'inia, ukishusha gari raba inabaki imesokotwa saa zote, hata usiku gari limelala. Tukashusha gari juu ya mbao nene, likakaa kwa uzito wake, akaingia chini akakaza. Haikumchukua muda.

Alaimenti ikafuata baada ya hapo, na gari halivuti tena.

Ninyi wenye mashine za alaimenti hapa Mbeya, naomba hili kwa dhati: wekeni mtalimbo karibu na mashine. Kabla hamjafunga vipimo kwenye matairi, mtu mmoja aingie chini, ajaribu bushi zote za mbele na boli jointi. Mkikuta zimekufa, mwiteni mwenye gari aje aone kwa macho yake, kisha mkatae kumpimia. Aondoke na hela yake akanunue bushi kwanza.