Theluthi inayodaiwa miti

Msimu wa kupanda miti ukikaribia, kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam huzuka hoja ileile: wanasayansi wamegundua kuwa miti nayo inachafua hewa, kwa hiyo kampeni ya kila halmashauri kupanda miche milioni 1.5 kwa mwaka ni kazi bure. Siku hizi hoja hiyo inatembea na tarakimu: eti theluthi moja ya faida ya miti kufyonza hewa ukaa inafutwa na miti yenyewe. Chanzo chake ni utafiti wa James Weber wa Chuo Kikuu cha Sheffield na wenzake, uliotoka Februari 2024 katika jarida la Science. Utafiti ni wa kweli na umefanywa kwa umakini. Tatizo ni kwamba kinachosambazwa ni nusu ya sentensi yake.

Kwamba miti hutoa gesi, hilo halina ubishi. Fikicha jani la mkaratusi kiganjani uone: harufu ile kali ni mvuke wa mafuta ya mti, jamii ya monoterpeni. Nyingine, isopreni, huisikii puani ukipita msituni, lakini ndiyo nyingi kuliko zote, takribani tani milioni 500 kwa mwaka duniani kote. Mmea huitengeneza kujikinga na joto, ndiyo maana jua la mchana likiwaka majani huitoa kwa wingi.

Kinachonivutia mimi ni safari ya gesi hizo zikishatoka. Zikikutana angani na ozoni na haidroksili, kemikali ya angani inayovunjavunja gesi nyingine, hubadilika zikawa nzito, zikaanza kugandana kama mvuke unavyoganda kwenye mfuniko wa sufuria. Hapo huzaliwa chembechembe ndogo mno. Zikikua kufikia karibu nanomita 100 (sehemu moja ya elfu kumi ya milimita), maji ya angani hupata pa kushika, na matone ya wingu huanzia hapo. Matone yakiwa mengi na madogo, wingu huwa jeupe zaidi na hurudisha anga za juu mwanga wa jua ambao ungetua ardhini ukawa joto.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba chembe mpya angani karibu zote zinahitaji asidi ya salfa, ambayo leo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye makaa ya mawe na viwanda. Mwaka 2016 watafiti wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wakiongozwa na Jasper Kirkby, walionyesha kwamba mvuke wa misonobari peke yake unatosha kuzalisha chembe hizo. Maana yake kabla ya viwanda misitu ilikuwa ikijitengenezea mbegu za mawingu, na anga ya zamani huenda ilikuwa na mawingu mengi kuliko tulivyodhani. Isopreni yenyewe ilihesabiwa kuwa haifai kwa kazi hiyo, hadi Desemba 2024, matokeo ya vipimo vya ndege juu ya Amazon yalipochapishwa. Dhoruba za usiku huipandisha isopreni kilomita nane mpaka 15 juu, na jua likichomoza, kwenye baridi ile kali, chembe mpya huzaliwa kwa wingi wa kushangaza. Kazi hiyo yote inafanywa na msitu uliosimama, na haimo kwenye hesabu ya mtu anayeuona kama ghala la hewa ukaa tu.

Upande wa pili una hoja nzito pia. Isopreni hula haidroksili, na haidroksili ndiyo inayosafisha methani, gesi inayoongeza joto, angani, kwa hiyo methani hudumu zaidi. Ikikutana na oksidi za nitrojeni, gesi za moshi wa injini, huzaa ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huongeza joto na kuumiza mapafu. Halafu msitu una rangi nzito na hufyonza jua kuliko ardhi tupu. Mwaka 2014 mtafiti Nadine Unger, akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alikokotoa kwamba kupungua kwa gesi hizi kutokana na misitu iliyofyekwa kwa karne na nusu kumeipoza dunia kidogo. Jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya 2021, liliweka makadirio ya upoozaji mdogo, wati 0.05 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, lakini wigo wa makadirio hayo unavuka sifuri, yaani huenda hata ni kuongeza joto. Kwa hiyo anayeapa kwamba mvuke wa miti hupoza tu, naye anazidisha.

Sasa turudi kwenye theluthi. Weber na wenzake walitumia mifumo miwili ya kompyuta kuiga dunia iliyopandwa misitu kila mahali panapofaa. Walihesabu chembechembe, methani, ozoni na rangi ya ardhi kwa pamoja. Walichopata ni kwamba madhara hayo yanaweza kufuta hadi theluthi ya faida ya hewa ukaa iliyofyonzwa. "Hadi", yaani kwenye kilele. Tena ni katika dunia iliyoachwa ipate joto la nyuzi nne. Pale misitu ilipopandwa sambamba na kupunguza uchafuzi ili kubaki kwenye nyuzi mbili, hasara ilikuwa ndogo zaidi. Watafiti wenyewe walihitimisha kwamba ni haraka kupunguza gesijoto wakati huohuo. Hata katika hali ile mbaya, theluthi mbili za faida zinabaki! Na sehemu ya hasara hiyo ni rangi ya ardhi, jambo lenye uzito mkubwa zaidi kwenye nchi za theluji, ambako majani hufunika weupe, kuliko huku kwetu.

Tazama tena oksidi za nitrojeni zinatoka wapi. Ni kwenye malori ya bandarini yanayopanga foleni Barabara ya Mandela, na kwenye bodaboda zetu. Mvuke uleule wa majani juu ya msitu safi huelekea zaidi kwenye chembe za mawingu, na juu ya foleni huelekea kwenye ozoni. Kumlaumu mti kwa ozoni hiyo ni kumsamehe anayetoa moshi.

Na mti ukikatwa, kinachokuja badala yake si hewa safi. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa karibu nusu ya mkaa wa Tanzania unaliwa Dar es Salaam. Miombo inayoingia kwenye tanuri huacha kutoa chembe zinazong'arisha mawingu, halafu hutoa moshi wenye masizi meusi yanayofyonza jua na kuingia vifuani mwa mama na watoto jikoni. Hesabu ya theluthi haikusudii kupima biashara hiyo, lakini kwetu ndiyo biashara iliyopo.

Wakosoaji wako sahihi kwenye jambo moja ambalo wapanda miti wa jiji wangelisikiliza: aina ya mti ni muhimu. Mikaratusi ni miongoni mwa watoaji wakubwa wa isopreni, na kuipanga safu kwa safu kando ya barabara yenye foleni si busara. Kaulimbiu ya "miti huleta mvua" nayo imerahisishwa mno, kwa kuwa matone madogo mengi yanaweza hata kuchelewesha mvua, na upepo wa kusi hutuletea chumvi ya bahari ambayo nayo ni mbegu ya mawingu.

Lakini hayo ni maswali ya kupanda nini na wapi. Pugu na Kazimzumbwi, pale Kisarawe, ni misitu ya asili ambayo tayari imesimama, na swali lake ni kama itaachwa. Anayebeba theluthi ya Weber kwenda kupinga ulinzi wa misitu hiyo aonyeshe kwanza atapunguza wapi moshi wa malori na magunia ya mkaa, maana sharti hilo limo ndani ya utafiti uleule anaounukuu.