Homoni yenye mionzi na barabara ya Chalinze

Grupu la WhatsApp la ukoo wetu, ambalo kazi yake ni michango ya harusi na misiba, limepata daktari. Kasomea wapi, hatujui. Katuma ujumbe wa sauti kwamba hospitali kubwa siku hizi zinawadunga wanawake "steroidi zenye mionzi", na kwamba mama mdogo wangu, anayetibiwa saratani ya titi, asithubutu. "Amina" zikamiminika kabla sijamaliza kusikiliza.

Mama mdogo kanipigia: "Mwanangu, ni kweli?"

Ni kweli, mama. Estrojeni, homoni ya kike, nayo ni steroidi, unayo mwilini tangu ulipovunja ungo. Mwaka 1984 wanakemia wa Marekani walichapisha namna ya kuibandika florini-18, yaani florini yenye mionzi, na 2020 mamlaka ya dawa ya huko ikaidhinisha itumike. Uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani mahali homoni hiyo hunasa, huivuta, ukaonekana kwenye skani ya PET, ile inayopiga picha ya mionzi iliyo mwilini, hata ukiwa umejificha mfupani. Daktari anapata kujua kama vidonge vya kuzuia homoni vina pa kushika mwili mzima, si pale tu alipochukua kinyama cha kupima. Steroidi yenyewe haizidi mikrogramu 5. Mionzi ni kama milisiviati 5, ambayo ardhi na anga hutupatia bure kwa miaka miwili hivi, na hakuna anayetutumia ujumbe wa sauti kutuonya nayo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba tunatishwa na kitu ambacho hata tukikililia hakitufikii huku Moshi. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Ipakie kwenye basi Dar alfajiri: kwa foleni ya Kimara na Kibaha, nusu imekwenda kabla hujaiona Chalinze. Mombo, abiria wakishuka kula, imebaki kama asilimia 15. Ukiingia stendi ya Moshi baada ya safari ya saa tisa, haifiki asilimia 4. Kwa ndege ingewezekana, kama ndege haichelewi. Mnacheka, eti?

Wataalamu wetu wana jibu moja: tusubiri Kanda ya Kaskazini ipate mtambo wa saiklotroni, ule unaotengeneza florini-18. Haya, tusubiri. Sisi wa huku kusubiri tumekuzoea.

Mimi nauliza, kwa nini kemia isilingane na barabara zetu? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, William Beierwaltes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walipiga picha za tezi zilizo juu ya figo kwa kolesteroli waliyoitia iodini-131. Tezi hizo hutengeneza homoni zake kutokana na kolesteroli, kwa hiyo ziliipokea zenyewe. Mgonjwa alipewa matone ya iodini ya kawaida ili tezi ya shingoni isinyonye ile ya mionzi, halafu akasubiri siku kadhaa ndipo apigwe picha. Iodini-131 hupungua nusu kwa siku 8. Basi liharibike Same, watu walale hapo hapo, mzigo bado ni mzima.

Najua, mionzi yake kwa mgonjwa ni mingi zaidi, na picha haina ukali wa PET. Sawa. Na kinyama bado ndicho msingi, hilo sibishi. Hata hiyo estrojeni ya kisasa ini huimeza sana hadi uvimbe ulioko humo hauonekani vizuri. Yote nimekubali, tuendelee.

Kuna teknesiamu-99m, nayo ina mionzi. Yenyewe hudumu kidogo, nusu kwa saa 6, lakini huzaliwa na molibdeni-99 inayohimili safari ya siku mbili tatu, kisha unaikamua hapo hapo hospitalini. Ni metali, na shida ndiyo hiyo: lazima uishikize kwa molekuli nyingine, na molekuli hiyo ikiwa kubwa kupita homoni yenyewe, kipokezi hakiitambui tena. Watu wamehangaika nayo miaka mingi. Hapo ndipo ningependa kuwaona vijana wetu, maana mwenye mtambo wa saiklotroni mlango wa pili hana haja ya kukesha na tatizo hili. Anayekaa Himo anayo.

Na hatuanzi patupu. Arusha, pale Tengeru, kuna Taasisi ya Nelson Mandela, na Njiro kuna maabara ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Tengeru na Njiro ni mwendo wa daladala, jamani! Kama yupo mwanafunzi wa huko anayeshughulika na steroidi za teknesiamu, aniandikie hapa chini, nitamwombea nafasi aje kuongea kwenye lile grupu. Daktari wetu atampisha dakika tano.