Usimuulize mfanyabiashara jana aliwaza nini

"Kwa nini uliamua kuanzisha biashara hii?" Swali hili halikosekani kwenye dodoso za wanafunzi wa biashara, na jibu lake nalijua kabla kalamu haijagusa karatasi: "Niliona fursa."

Kuna siku nilimsindikiza mmoja wao Kariakoo. Mama wa vitenge alijibu hivyohivyo, kijana akaweka tiki, akahamia fremu nyingine. Mimi nilikuwa bado nasubiri chenji yangu. "Fursa gani, kaka," mama akaniambia huku anacheka. "Shemeji aliniachia marobota mawili akarudi kwao, na kodi ya fremu ilishalipwa ya miezi sita. Ningefanyaje?"

Wala hakukusudia kumdanganya yule kijana. Jambo likishapita, kichwa chenyewe hulitafutia sababu za heshima. Wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson waliliandika hilo tangu 1977, na bado tunagawa dodoso.

Ndiyo maana naipenda njia ya Saras Sarasvathy, mtafiti wa ujasiriamali aliyefundishwa na Herbert Simon, msomi wa namna watu wanavyofanya maamuzi. Aliwafuata wafanyabiashara wazoefu 27 huko Marekani, akawapa kurasa 17 za maswali juu ya bidhaa ya kubuni, mchezo wa kompyuta, na kumtaka kila mmoja aseme kwa sauti chochote kinachompitia kichwani wakati anaamua. Kinasa sauti kikawa kinanasa. Wengi hawakuanza na makadirio ya faida. Walianza na walichonacho mkononi, watu wanaowajua, na hasara wanayoweza kuimudu. Yaani mama wa vitenge mtupu!

Ila bidhaa ya kubuni haimkoseshi mtu usingizi. Pesa ya kikoba inamkosesha. Mimi ningekaa dukani na daftari, asubuhi ile mwenye mali anapopiga simu akitaka jibu la mzigo mpya kabla ya saa sita, nimsikie mama akihesabu kwa vidole na kugombana na mdogo wake. Wiki ya kwanza watakudhania mtu wa kodi. Vumilia, kunywa chai yao.

Halafu kuna hili linalonisumbua zaidi: wale 27 wote walikuwa wamefanikiwa. Waliofilisika huenda waliamua vilevile, nani aliwauliza? Pale Kariakoo fremu ya tatu ilikuwa na kufuli lililoshika vumbi. Kijana aliipita, akaenda ya nne, akaiandika namba tatu.