Kibadilishi cha vipimo hakikosei hesabu, kinakosea galoni

Julai 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa angani. Waliopiga hesabu walizidisha lita kwa 1.77, ambao ni uzito wa lita moja ya mafuta yale kwa paundi, wakidhani wamepata kilo. Kwa kilo, namba ni takriban 0.8. Kuzidisha kwenyewe hakukuwa na kosa.

Watetezi wa vibadilishi vya bure vya mtandaoni wana hoja nzito hapo. Kikokotoo cha kawaida hupokea namba tupu, lakini kibadilishi hakitoi jibu bila kipimo cha kutoka na cha kwenda. Kulazimishwa kutaja kipimo ni kinga kubwa kuliko kasi inayosifiwa kila siku.

Tatizo ni pale kinapokuchagulia kimyakimya. Galoni 20 za Marekani ni lita 75.7, za Uingereza ni 90.9. Baadhi ya zana hizi huandika "galoni" tu. Wengi hujihakiki kwa kurudisha jibu lilikotoka, na hapo hujidanganya: ukitumia galoni isiyo yako kwenda na kurudi, bado utapata 20 ileile. Jaribu galoni 1 kwanza. Ikitoka 3.785 ni ya Marekani, 4.546 ni ya Uingereza. Tani nazo ziko tatu: kilo 1,000, 907 na 1,016.

Joto lina mtego wake. Nyuzi 10 za Selsiasi ni 50 za Farenhaiti, ila joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, limepanda kwa 18 za Farenhaiti. Zana nyingi hujibu swali la kwanza tu, hata kama ulikuwa unauliza la pili.

Kwenye muda, 1.30 kwa desimali ni saa moja na dakika 18. Saa moja na nusu huandikwa 1.5. Sekunde za Unix, ambazo kompyuta hutumia kutaja tarehe na saa, zikihesabiwa tangu 1 Januari 1970, kwa tarehe za sasa zina tarakimu 10. Zikiwa 13, hizo ni milisekunde, na zana isiyotambua tofauti itakupeleka miaka elfu hamsini mbele. Namba za Kirumi hazina hatari kubwa, ingawa zana inayokubali MIM kuwa 1999 haijui kanuni: ni MCMXCIX.

Kwa swali la mara moja, kibadilishi kinatosha. Kwa kazi inayojirudia sikipendekezi, kwa kuwa hakiachi alama: wiki ijayo hakuna atakayejua ilitumika galoni ipi. Weka 3.785411784 kwenye seli ya jedwali lako, na seli ya pembeni andika "lita kwa galoni ya Marekani".