Maporomoko ya Goba

Nyumbani kwangu Goba maji ya bomba hutoka yanapojisikia. Kwa hiyo siku nilipotangaza kwamba naweka maporomoko kwenye kile kibwawa cha perege uani, Mama Rehema aliacha kuchambua mchicha akanitazama kama anatazama deni. "Baba Rehema, tenki lenyewe halijai."

Lakini nilikuwa nimeshanunua, Kariakoo. Kidude chenyewe ni cha chuma kisichoshika kutu, urefu sentimita 60, kina mdomo mwembamba kama tundu la kudumbukizia barua. Unakijengea ukutani, nyuma unakiunganisha na pampu, na maji yanatakiwa kutoka yametandazwa kama kioo hadi bwawani. Muuzaji alikuwa bado anaeleza nami nikamlipa, maana foleni ya kurudi Goba haisubiri maelezo.

Fundi alikuja na nyundo, mwiko na msaidizi. Pima maji hakuwa nayo. "Nimeisahau saiti Kimara, bosi. Ila jicho langu na pima maji ni ndugu." Akafumba la kushoto, akarudi nyuma hatua tatu, akatoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo, akakitazama kile kidude kwa muda mrefu kweli. "Kimelala," akasema.

Kililala kweli, ubavu wa kushoto. Tulipowasha, maji yote yalikimbilia kona hiyohiyo yakatoka mchirizi mmoja mwembamba uliopinda. "Baba, anakojoa!" Rehema akapiga kelele, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akachungulia juu ya ukuta kuona ni nani.

Saruji ilikuwa bado mbichi. Fundi akaomba sarafu ya kuinulia ule upande, nikampa mia mbili, ile yenye simba. Sasa, fundi wangu ni Yanga damu. Aliigeuza mara mbili kuhakikisha simba wanaangalia chini, ndipo akaichomeka na kuisukuma kwa kidole gumba. Maji yakasawazika. Ipo humo mpaka leo.

Yalisawazika, lakini hayakuruka. Yalifika mdomoni, yakajikunja kwa chini na kuteremka na ukuta, kama chai inavyofuata shingo ya birika ukimimina kwa woga. Ukuta ukalowa, tenki likapungua, maporomoko hakuna. Boksi la pampu liliandikwa lita 3,000 kwa saa, nami nikaliamini kama hati ya kiwanja. Kumbe hizo ni lita za pampu isiyopandisha maji popote. Ipandishie mita moja na kitu, tena kwa bomba la nusu inchi ambalo fundi alibaki nalo kwenye kazi ya mtu mwingine, inabaki kuhema tu. Mdomo wa sentimita 60 unataka kama lita 6,000 zinazofika juu, siyo zilizobaki kwenye boksi.

"Tatizo ni presha, bosi," fundi akasema. "Niachie."

Taa nitazieleza haraka kwa sababu zenyewe zilikwenda haraka. Zilikuwa tatu, za kuzama majini, volti 12. Fundi alizipa 230. Zikasema "pu!" kwa pamoja, breka ikakatika, nyumba nzima ikawa giza, na mimi mkono ulikuwa ndiyo kwanza umetoka majini. Nikamuuliza transfoma iko wapi.

"Transfoma ipi?"

"Kile kiboksi cheusi chenye waya."

"Aaa, ile chaja? Nimekuwekea juu ya friji."

Nikanunua taa nyingine, za kubadilika rangi, na safari hii ile chaja nikaifunga mwenyewe.

Jumamosi yake baba mkwe alikuwa anafika kutoka Tanga. Saa kumi na mbili jioni fundi akatokea na bajaji, ndani yake kuna pampu kubwa kama mtungi wa gesi na bomba nene la kijani. Aliiazima saiti, ni ile ya kukaushia mashimo ya msingi wa ghorofa. Nikaona jina la Mungu tu, presha si imepatikana?

Mzee macho yake siku hizi ni ya kukisia, hivyo nikamwekea kiti cha heshima ukingoni kabisa, magoti karibu yaguse bwawa. Kanzu nyeupe, kofia ya mkono, kikombe cha kahawa. Fundi akaenda nyuma ya ukuta kushika koki. Nikawasha taa, bwawa likawa la bluu. Shemeji zangu wakaguna kwa adabu.

"Fungulia!"

Maji yakaanza kulamba ukuta, vilevile. "Ongeza!" nikapiga kelele. Yakajitenga na ukuta, yakatandazika, laini, kioo kitupu. Wallahi yalipendeza! Nilitakiwa kunyamaza hapo. Lakini Mama Rehema alikuwa ananitazama, na safari hii si kama deni, nikasema tena, "Ongeza, fundi!"

Kile kioo kilinyanyuka, kikavuka bwawa lote na kutua mapajani kwa mzee. Kikombe kilikwenda kwanza, kisha ndara moja ikaelea kuelekea kwa perege. Kanzu ikamganda mwilini, na taa zikambadilisha taratibu: bluu, kijani, nyekundu. Hakuna aliyesogea. Kutoka nyuma ya ukuta fundi akauliza, "Bosi, imefika, au niongeze kidogo?"

Msikiti wa jirani ukaanza kuadhini magharibi. Mzee akavua miwani, akaikung'uta maji.

"Mkwe wangu," akasema, "nionyeshe kibla. Udhu nimeshatiwa."