Binti Akiomba Kuingia Monasteri, Wazazi Waulize Nini?

Kwetu neno "sista" huja na picha ya zahanati ya misheni, au ya darasa la chekechea. Kwa hiyo binti akitangaza kwamba anataka utawa, nyumba nyingi za Kikatoliki hufurahi. Lakini akisema anakwenda kwa Wakarmeli au Waklara, wale watawa wa ndani, vigelegele hukatika. Hatatibu wala hatafundisha, na huenda hata msibani asionekane. "Tumemsomesha ili akafungiwe?"

Swali hilo lisijibiwe kwa kumkemea mzazi eti anapingana na Mungu. Wapo wanaomtaja Mtakatifu Klara wa Assisi, aliyetoroka kwao usiku wa Jumapili ya Matawi mwaka 1212. Ndugu zake walipomfuata akakishika kitambaa cha altare, akawafunulia kichwa kilichokwisha kunyolewa. Ujasiri wake unanigusa kila mara. Hata hivyo kutoroka si ushahidi wa wito. Kuna anayemkimbilia Mungu, na kuna anayekimbia uchumba uliovunjika, ukosefu wa ajira au ukali wa baba. Vyote viwili kwa nje hufanana, na ukimya wa monasteri hauponyi jeraha lililofichwa.

Kanisa linalijua hilo, ndiyo maana haliharakishi. Maagizo ya Vatikani ya mwaka 2018, yaitwayo Cor Orans, yanataka malezi ya watawa wa taamuli, yaani hao wa ndani wanaoishi kwa sala, yasipungue miaka 9 wala kuzidi 12: uaspiranti (hatua ya kufahamiana) usiopungua mwaka, upostulanti (hatua ya maandalizi) vivyo hivyo, unovisi (majaribio ya maisha ya utawa) miaka 2, kisha nadhiri za muda miaka 5. Nadhiri iliyotolewa kwa nguvu, hofu kubwa au hila ni batili. Tena kanuni ya 644 ya Sheria za Kanisa inakataza kumpokea unovisi mtu aliyelemewa na madeni asiyoweza kuyalipa. Mhitimu anayedaiwa mkopo wa chuo alitaje deni hilo siku ya kwanza.

Wazazi nao wanakosea wanapoyapima maisha haya kwa faida inayoonekana. Teresa wa Mtoto Yesu aliingia Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafia humo mwaka 1897. Hakukanyaga nchi yoyote ya misheni, lakini mwaka 1927 Papa Pius XI alimtangaza msimamizi wa misheni pamoja na mmisionari Fransisko Ksaveri. Na hatuhitaji kwenda mbali. Mama anayelalamika kwamba bintiye anapotea bure ndiye huyohuyo anayepeleka nia ya Misa mtoto mwingine akiugua. Anaamini kwamba sala inafanya kazi. Kinachomuuma ni kwamba safari hii anayeombwa kuyatoa maisha yake yote kwa kazi hiyo ni wa kwake, na uchungu huo ni halali.

Linalonikosesha amani zaidi ni kwamba urefu wa njia, ambao ndio kinga ya binti, una gharama yake. Aliyeingia na miaka 24 akaondoka mwaka wa nane ana miaka 32, hana akiba, na cheti chake kimepitwa na wakati. Kanuni ya 702 inasema anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya. Jumuiya inatakiwa kumtendea kwa haki na upendo wa kiinjili. Kiasi hakikutajwa. Zipo jumuiya zinazolitimiza hilo kwa moyo, lakini mtu asiingie akitegemea bahati ya kupata mama mkuu mwema.

Vilevile kuna monasteri za Ulaya ambazo watawa wake wamezeeka, na vijana wa kwetu wanatazamwa kama wa kuzijaza. Hayati Papa Fransisko aliandika mwaka 2016, katika waraka wake Vultum Dei Quaerere, kwamba kutafuta wasichana wa nchi nyingine kwa lengo tu la kuiokoa monasteri isife ni jambo la kuepukwa kabisa. Pasipoti ikianza kushughulikiwa kabla binti hajakaa hata wiki chache na jumuiya, akaamka nao usiku kwa masifu na kula chakula chao, mimi ningemzuia.

Vinginevyo ningemsindikiza mwenyewe. Ila tukiwa pale chumba cha wageni, mbele ya wavu unaowatenga watawa na wageni, ningemwomba mama mkuu aniambie kwa utaratibu: waliowahi kuondoka hapa, waliondoka na nini mkononi?