Kabla ya kuhesabu tani, hesabuni hewa

Mei 2025 serikali ya Marekani iliamua kwamba tathmini ya mazingira ya mgodi wa Velvet-Wood, jimboni Utah, ikamilike ndani ya siku 14. Ni mgodi wa chini ya ardhi wa metali mbili, urani na vanadi, na tathmini za aina hiyo kwa kawaida hula miezi mingi, hata miaka. Wengi wamebishana kuhusu haraka hiyo. Mimi linaloniuma ni swali ambalo haraka hulisukuma nyuma ya foleni: watakaoshuka humo watavuta hewa gani?

Tuanze na mwamba wa migodi ya aina hii. Katika ukanda wa Uravan, mpakani mwa Colorado na Utah, mbale, yaani mawe yenye madini, imo ndani ya mawe ya mchanga yaliyolazwa na mito enzi za dinosaria. Maji ya ardhini yaliyobeba urani na vanadi yalipokutana na magogo na majani yaliyozikwa humo, madini yakaganda hapo hapo. Wachimbaji wa zamani walikuwa wakikuta gogo zima lililogeuka mbale, limejaa karnotiti, madini ya manjano yenye urani na vanadi, ambayo ukiigusa inabaki kidoleni kama vumbi la chaki.

Mbale ya namna hiyo haifuati mstari. Inakaa vipande vipande, hapa kinene, pale chembamba, mara nyingi haifiki unene wa mita moja, kisha inakatika ghafla. Unachoronga kutoka juu, unapima mionzi ndani ya tundu, unachora ramani, na bado mita chache pembeni kuna kitu ambacho tundu lako halikukiona. Kwa hiyo mchimbaji anaifuata mbale inakokwenda, anaacha nguzo pale ilipo hafifu, na baada ya miaka michache mgodi una vyumba na vichochoro visivyo na mpangilio.

Hapo ndipo hewa inapotea njia. Urani huvunjika yenyewe polepole na kuzaa radiumu, metali nyingine yenye mionzi, na radiumu huzaa radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye kila ukuta uliokatwa. Radoni yenyewe ukiivuta, nyingi unaitoa tena. Wanaoua ni watoto wake, chembe za metali zenye mionzi (polonia, risasi na bismuthi) zinazong'ang'ania vumbi na kutua mapafuni. Na hao huongezeka dakika kwa dakika. Hewa iliyoingia sasa hivi ni salama kuliko ile ile ikishazurura saa nzima ndani ya vyumba vilivyoachwa. Kwa mgodi wa urani, kujua feni inasukuma hewa kiasi gani hakutoshi. Lazima ujue hewa inayomfikia mchorongaji ina umri gani.

Ndiyo maana nasema mpango uanze na hewa. Hewa safi ipite kwenye njia yake hadi usoni mwa kazi, pale mwamba unapokatwa, isipitishwe kwanza kwenye machimbo ya zamani. Vyumba vilivyokwisha vizibwe, na kilichomo kivutwe moja kwa moja kwenda kwenye tundu la kutolea. Ukiyaacha haya hadi mbale ianze kutoka, utayarekebisha kwa gharama kubwa, au hutayarekebisha kabisa.

Haya si ya kubuni. Mwaka 1950 idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kuchunguza afya ya wachimbaji wa urani, wakiwemo wengi wa Wanavajo, wenyeji asilia wa Marekani. Wachimbaji hao hawakuelezwa hatari iliyokuwa mbele yao. Feni za kusukuma hewa zingeweza kuwekwa wakati huo, elimu ilikuwepo. Saratani ya mapafu ikawaua wengi wao, na Bunge likaomba radhi na kuanzisha fidia mwaka 1990, wakati wengi walikwishazikwa.

Siupingi mgodi kwa sababu ni wa urani. Vanadi huimarisha chuma, na vinu vya nyuklia vinahitaji urani kutoka mahali fulani. Lakini ninapousoma mpango wa mgodi kama huu, naanza na ramani ya hewa, mwaka baada ya mwaka: inaingilia wapi, inatokea wapi, inafika kwa kila mchimbaji baada ya dakika ngapi, na feni ikizimika nani anaamuru watu watoke. Tani na bei nitazisoma baadaye.